Bill Wilson: Mlevi aliyenusurika kwa kuwanusuru wenzake

MNAMO Aprili 26, 1939, William Griffith Wilson na mkewe Lois walitoka katika nyumba nambari 182, barabara ya Clinton, mtaani Brooklyn jijini New York, bila makao mengine ya kuhamia. Benki ilikuwa imeitwaa nyumba hiyo kwa sababu ya deni lisilolipwa. Wilson alikuwa na umri wa miaka 43. Alikuwa ametimiza zaidi ya miaka minne bila kuonja pombe, na kitabu alichokiandika kuhusu namna mlevi anavyoweza kupona kilikuwa kimetoka mtamboni mwezi uo huo.

Aghalabu masaibu ya ulevi hufuata mkondo unaojulikana. Mtu hunywa, hupoteza kazi, kisha hupoteza nyumba. Akibahatika kuacha pombe, hurejeshewa kidogo kidogo alivyovipoteza. Kwa Wilson mambo yalikwenda kinyume. Miaka aliyokuwa akilewa chakari alikuwa na pa kujilaza. Alipokuwa timamu ndipo alipokosa makao, na kwa miaka miwili mtawalia yeye na mkewe walihama zaidi ya mara 50, wakihifadhiwa na marafiki ambao wengi wao walikuwa walevi waliokuwa wakipona pamoja naye.

Hata hivyo hakurudi kwenye chupa. Sababu ya kutorudi ndiyo kiini cha maisha yake, na ndiyo siri ya chama alichokianzisha pamoja na daktari mmoja wa jimbo la Ohio: Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina, ambacho hufahamika kote ulimwenguni kama AA.

Utoto wa upweke

Wilson, ambaye wengi walimwita Bill, alizaliwa Novemba 26, 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alizaliwa katika hoteli ndogo iliyoendeshwa na nyanya yake mzaa baba, hatua chache kutoka kwenye baa. Babake, Gilman, alikuwa msimamizi katika machimbo ya mawe ya marumaru, na alikuwa mpenzi wa mtindi.

Bill hakuwa ametimiza miaka 11 wazazi wake walipoachana. Baba alishika njia akaenda magharibi, mbali na familia. Mama naye alielekea Boston kusomea tiba ya viungo. Bill na dadake mdogo Dorothy waliachwa kwa wazazi wa mama yao, Mzee Fayette Griffith na mkewe Ella.

Babu huyo alimpenda mjukuu wake na alijua namna ya kumchokoza ili ajitahidi. Siku moja alimwambia kwamba hakuna mtu asiyekuwa mwenyeji wa Australia aliyewahi kuunda kile kifimbo kilichopinda ambacho kikirushwa humrudia aliyekirusha. Kwa muda wa miezi kadhaa kijana alichonga, akarusha, akatupa, akachonga tena, hata akaukata ubao wa kitanda chake, hadi alipofaulu. Tangu hapo akawa mtu wa kutaka kuwa wa kwanza katika kila jambo. Shuleni alikuwa nahodha wa timu ya besiboli na akajifunza kupiga fidla, si kwa kipaji bali kwa ukaidi.

Fahari hiyo ilivunjika Novemba 1912. Msichana aliyempenda, Bertha Bamford, alifariki ghafla baada ya upasuaji jijini New York. Bill alizama katika huzuni iliyomzuia hata kuhitimu pamoja na wenzake. Huzuni ya namna hiyo ingemrudia mara kwa mara maishani, iwe amelewa au hajalewa.

Glasi ya kwanza

Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, alikuwa akija Vermont na familia yake wakati wa kiangazi. Alikuwa mkubwa kwa Bill kwa zaidi ya miaka minne. Walifunga ndoa Januari 24, 1918, Marekani ikiwa vitani na Bill akiwa ofisa mchanga katika kikosi cha mizinga.

Ni katika jeshi, mwaka wa 1917 mjini New Bedford jimboni Massachusetts, alikoonja pombe kwa mara ya kwanza. Hadi wakati huo aliiogopa, kwani alijua ilivyowaathiri baadhi ya jamaa zake. Lakini matajiri wa mji huo waliwaalika maofisa kwenye karamu, na kijana huyu mrefu, mwenye haya na asiyejua aweke wapi mikono yake mbele ya watu, aligundua kwamba glasi chache zilimfungua ulimi. Kwa muda huo mfupi alijihisi kuwa mmoja wao. Tangu mwanzo alikunywa si kwa ajili ya ladha bali kwa ajili ya kupata pa kukaa miongoni mwa watu.

Baada ya kurejea kutoka Ufaransa alisomea sheria usiku huku akifanya kazi mchana. Alimaliza masomo lakini hakuwahi kwenda kuchukua shahada yake. Kilichomvutia kilikuwa soko la hisa. Mnamo 1925 yeye na Lois waliacha kazi, wakapakia hema na vyombo kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakazunguka majimbo ya mashariki mwa Marekani. Bill alivitembelea viwanda, akaongea na wafanyakazi, kisha akawaandikia madalali wa hisa ripoti kuhusu kampuni zilizostahili kuwekezwa. Wachache walikuwa wamefikiria kufanya hivyo. Madalali walifurahi, na fedha zikamiminika.

Januari 1920 Marekani ilikuwa imepiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe, marufuku yaliyodumu hadi Desemba 1933. Sehemu kubwa ya ulevi wa Wilson ilikuwa katika kipindi hicho. Wakenya wanaoikumbuka miaka ambayo chang'aa ilikuwa haramu, kabla ya sheria ya 2010, hawatashangaa kusikia kwamba hakuwahi kukosa kinywaji. Kulikuwa na baa za siri kila pembe ya New York, na wengine walitengeneza jini zao nyumbani. Sheria iliifunga milango ya mbele, ulevi ukaingilia ya nyuma.

Kuporomoka

Soko la hisa lilipoanguka Oktoba 1929, Wilson alianguka nalo. Kazi aliyoipata baadaye aliipoteza kwa sababu ya ulevi. Wenzi hao walihamia kwa wazazi wa Lois, katika nyumba ile ya barabara ya Clinton. Hawakuwa na watoto. Mimba za Lois zilitunga nje ya mji wa mimba, na maombi yao ya kuasili mtoto hayakufaulu.

Lois aliajiriwa katika duka kubwa la nguo na bidhaa za nyumbani, akawa ndiye mlezi wa familia. Mumewe alikuwa akiuchakura mkoba wake ili kupata senti za kununulia jini. Aliandika ahadi za kuacha pombe ndani ya Biblia ya familia, akazitia sahihi, akazivunja. Ulifika wakati akaliburura godoro lake hadi orofa ya chini, kwa hofu kwamba angejitupa dirishani.

Kuanzia 1933 alilazwa mara nne katika Hospitali ya Towns, karibu na bustani ya Central Park. Shemeji yake, aliyekuwa daktari, ndiye aliyesaidia kulipa gharama. Huko alikutana na Dkt William Silkworth, mtu mpole aliyeamini kwamba ulevi si ukosefu wa haya wala udhaifu wa moyo bali ni ugonjwa. Kwa maoni yake, mwili wa mlevi huwa na mzio: tone la kwanza huamsha kiu isiyozimika. Akili nayo huwa imetekwa, kiasi kwamba mgonjwa huishika glasi ya kwanza hata akiwa anajua vyema itakavyomfanya. Wilson alifurahi kusikia hivyo, akidhani kwamba kuujua ugonjwa kungetosha kuuponya. Hakukutosha. Katika kiangazi cha 1934 daktari alilazimika kumweleza Lois kwamba mumewe angepatwa na wazimu au kifo asipofungiwa mahali.

Rafiki aliyekuja bila kiu

Mwishoni mwa Novemba 1934, Ebby Thacher, rafiki wa zamani ambaye walikuwa wamelewa pamoja mara nyingi, alibisha mlangoni. Wilson alimwekea glasi mezani. Ebby aliikataa. Alikuwa amenusurika kufungiwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili baada ya wanachama wa Oxford Group kumdhamini. Hilo lilikuwa kundi la Wakristo waliosisitiza kukiri makosa mbele ya mwenzako, kuwaendea uliowakosea ili kuwafidia, kusali, na kuwatumikia wengine bila malipo. Ebby wakati huo aliishi katika misheni ya kanisa la Calvary, barabara ya 23, iliyowapa chakula na malazi watu wasio na makao.

Siku chache baadaye Wilson alikwenda kwenye misheni hiyo, akiwa amelewa. Huko, miongoni mwa watu waliookotwa vichochoroni, msomi wa sheria na bingwa wa hisa alisimama mbele na kukiri kwamba alihitaji msaada. Desemba 11, 1934 alijipeleka hospitalini kwa mara ya nne. Usiku mmoja, akiwa katika lindi la kukata tamaa, alimlilia Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo. Alisimulia baadaye kwamba chumba kilijaa nuru na akahisi amani ambayo hakuwahi kuijua. Kwa hofu kwamba amepagawa, alimuuliza Silkworth. Daktari alimhoji kwa makini, kisha akamshauri alishikilie lolote lile alilolipata, kwani lilikuwa bora kuliko alilokuwa nalo. Wilson hakunywa tena hadi alipokufa, miaka 36 baadaye.

Wapo wanaoishia hapo wanaposimulia habari zake, kana kwamba nuru ile ilimaliza kila kitu. Yeye mwenyewe hakuishia hapo. Alipotoka hospitalini alikimbilia misheni na wodi za walevi, akiwahubiria kwa bidii ya mtu aliyezoea kuwa wa kwanza. Aliwaleta wengine nyumbani kwake walale na kula. Baada ya karibu miezi mitano, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameacha pombe. Silkworth alimshauri apunguze mahubiri na aanze kwa kuwaeleza wagonjwa ukweli kuhusu ugonjwa wao. Lois naye alimwonyesha jambo ambalo hakuwa ameliona: walevi wake wote walikuwa wakilewa, lakini yeye hakuwa akilewa.

Simu katika hoteli ya Akron

Maana ya jambo hilo ilimjia mjini Akron, Ohio, Mei 1935. Alikuwa amekwenda huko na wenzake kung'ang'ania udhibiti wa kampuni iliyotengeneza mitambo ya viwanda vya mipira. Walishindwa. Wenzake walirejea New York, naye akabaki katika hoteli ya Mayflower akiwa na takriban dola 10 mfukoni. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa iliyojaa vicheko. Upande wa pili kulikuwa na simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji.

Wilson aliutambua mtego. Pia alitambua kwamba katika miezi iliyopita kilichomwondolea kiu kilikuwa kuzungumza na mlevi mwingine. Aliiendea simu akampigia kasisi mmoja, si ili aombewe, bali aelekezwe kwa mlevi anayehitaji msaada. Kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine alifikishwa kwa Henrietta Seiberling, mwanachama wa Oxford Group, ambaye alikuwa na wasiwasi mwingi kuhusu rafiki yake mmoja daktari.

Daktari huyo alikuwa Robert Holbrook Smith, mpasuaji aliyekuwa na umri wa miaka 55 na ambaye sifa zake zilikuwa zimezamishwa na pombe. Siku hiyo ya Jumamosi hakuweza hata kusimama. Kesho yake, Mei 12, aliletwa na mkewe Anne saa kumi na moja jioni, mikono ikimtetemeka, kwa sharti kwamba mazungumzo yasizidi dakika 15. Walitoka chumbani baada ya saa tano usiku.

Smith alikuwa amehudhuria mikutano ya Oxford Group kwa zaidi ya miaka miwili bila kuacha kulewa. Alikuwa amewasikiliza madaktari na wahubiri. Tofauti usiku ule ni kwamba aliyekuwa mbele yake aliijua kiu hiyo kwa kuipitia mwenyewe, na hakuja kumwokoa bali kujiokoa. Mgeni huyu alimhitaji Smith sawa na Smith alivyomhitaji yeye. Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake.

Wilson alihamia kwa akina Smith kiangazi hicho. Daktari aliteleza mara moja alipokwenda kwenye kongamano la matibabu. Juni 10, 1935 Wilson alimpa bia moja ili kutuliza mikono yake kabla ya upasuaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na tarehe hiyo ndiyo huadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa AA. Majuma machache baadaye wawili hao walikwenda hospitalini kumwona wakili mmoja aliyefungwa kitandani kwa kuwapiga wauguzi. Naye akapona, wakawa watatu.

Fedha zilizokataliwa

Kurudi Brooklyn hakukuleta neema ya mfukoni. Nyumba ya Clinton iligeuka hifadhi ya walevi, Lois akishinda dukani mchana na kupika jioni. Wageni hao waliwaibia, wakavunja vyombo, na mmoja wao alijitoa uhai humo humo nyumbani. Wengi waliolala pale hawakupona wakati ule. Lakini katika mikutano ya Jumanne usiku sebuleni, idadi ya waliopona ilianza kuongezeka. Wilson na Smith walipoketi kuhesabu mnamo Novemba 1937, waliwapata watu wapatao 40 kati ya New York na Akron.

Ni katika miaka hiyo ambapo tabia ya chama iliundwa, na iliundwa kupitia fedha ambazo Wilson alizikosa. Hospitali ya Towns ilimwahidi ofisi, mshahara na sehemu ya faida ikiwa angeihamishia kazi yake huko. Alikuwa na madeni tele na mke aliyechoka. Alikwenda mkutanoni akiwa na furaha na akawatangazia wenzake. Walimkatalia. Walimweleza kwamba mlevi hawezi kumwamini anayelipwa ili ampende. Wilson, mtu asiyependa kushindwa, aliwatii. Huenda huo ndio ushindi wake mkubwa zaidi.

Kisha akaenda kwa tajiri John D. Rockefeller Mdogo kutafuta fedha za hospitali, wahubiri wa kulipwa na vitabu. Rockefeller aliipenda kazi hiyo kiasi cha kuogopa kuiharibu kwa fedha. Alitoa dola 5,000 tu, zilizotumika kulipia rehani ya nyumba ya Smith na kuwapa wawili hao posho ndogo ya kila wiki. Wilson alivunjika moyo, lakini baadaye alikiri kwamba kama angepewa alichoomba, chama kingekufa.

Desemba 1938, akiwa amelala kitandani katika nyumba ya Clinton, aliandika hatua 12 ambazo leo zinajulikana hata na wasiokunywa. Mlevi hukubali kwamba amelemewa; hutafuta nguvu inayomzidi, kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa Mungu; hujichunguza na kukiri makosa yake; huwaendea aliowadhulumu na kuwafidia. Hatua ya mwisho humtaka aupeleke ujumbe huo kwa mlevi mwingine. Huduma si shukrani ya aliyepona. Ni sehemu ya dawa yenyewe.

Miaka miwili ya kutangatanga

Kitabu kilitoka Aprili 1939 na hakikununuliwa. Mwezi uo huo ndipo nyumba ilipotwaliwa. Akina Wilson walihifadhiwa kwanza katika nyumba ya likizo kando ya ziwa jimboni New Jersey, kisha hapa wiki, pale mwezi, vyombo vyao vikiwa katika ghala. Wenzao walichanga fedha kidogo za kuwasaidia. Kuna siku waliyopita katika kituo kikuu cha garimoshi jijini New York, wakaketi kwenye ngazi na kulia.

Hiki ndicho kipindi kinachostahili kutazamwa kwa makini. Wilson alikuwa amewapa wengine makao hadi yeye mwenyewe akayapoteza. Kama kupona kwake kungetegemea mshahara, heshima au nyumba, basi angekuwa na kila sababu ya kunywa. Lakini mtu ni watu. Wale aliowalaza sebuleni kwake, na wale waliopona kupitia kwao, sasa walikuwa wakimtandikia kitanda. Alichokipanda bila kukihesabu kilimrudia mithili ya kile kifimbo alichochonga utotoni.

Mwaka wa 1940 walihamia chumba kidogo cha juu katika jumba la mikutano la AA barabara ya 24. Usiku mmoja wa baridi kali na mvua ya barafu, mgeni anayechechemea na mkongojo aliomba kumwona. Wilson, aliyekuwa peke yake na mwenye huzuni, alidhani ni mlevi mwingine. Alikuwa Padri Edward Dowling, Mjesuiti kutoka St. Louis, ambaye hakuwa mlevi lakini alikuwa ameona kufanana kati ya hatua zile 12 na mafundisho ya shirika lake. Wilson alimfungulia moyo wake, na padri akawa mshauri wake kwa miaka 20 iliyofuata.

Machi 1, 1941, gazeti la Saturday Evening Post lilichapisha makala ndefu ya mwanahabari Jack Alexander, aliyekuwa ameanza uchunguzi wake akishuku kwamba AA ni ulaghai. Barua zilifurika. Wanachama waliokuwa takriban 2,000 waliongezeka hadi 8,000 kufikia mwisho wa mwaka. Aprili mwaka uo huo, mwanamke mmoja aliyethamini kazi yao aliwauzia akina Wilson nyumba huko Bedford Hills, kaskazini mwa jiji, kwa dola 6,500 zilizolipwa dola 40 kila mwezi bila malipo ya awali. Waliiita Stepping Stones, na waliishi humo maisha yao yote.

Hakuwa malaika

Kupata nyumba hakukumponya kila kitu. Kati ya 1944 na 1955 Wilson alipatwa na vipindi vya huzuni kali ambapo nyakati nyingine hakuweza kutoka kitandani. Alivuta sigara kupita kiasi. Hakuwa mwaminifu katika ndoa, jambo lililomsumbua yeye na waliomzunguka. Mnamo 1956 alikubali kujaribiwa dawa ya LSD chini ya uangalizi wa madaktari, akitumaini ingewasaidia walevi sugu, na baadhi ya wenzake walikasirika.

Ebby Thacher, aliyemletea ujumbe, alirudi kulewa mwaka wa 1937 na akaendelea kuanguka na kuinuka kwa miaka mingi. Wilson hakumtupa. Alimwita mdhamini wake hadi mwisho na kumsaidia kwa fedha. Ebby alifariki 1966 katika shamba la kuwatunzia walevi jimboni New York, akiwa hajanywa kwa zaidi ya miaka miwili.

Pengine ni kwa kujijua hivyo ndipo Wilson alipokiwekea chama kinga dhidi ya watu kama yeye. Kanuni 12 alizoziandika, zilizopitishwa mjini Cleveland mwaka wa 1950, zinakataza AA kumiliki mali kubwa, kupokea michango kutoka nje, kuegemea siasa au dini yoyote, na kutangaza majina ya wanachama katika vyombo vya habari. Viongozi ni watumishi, hawatawali. Dkt Smith alifariki Novemba mwaka huo, baada ya kuwatibu maelfu ya walevi bila malipo akishirikiana na Sista Ignatia katika Hospitali ya St. Thomas, Akron. Mwaka wa 1951 Lois alisaidia kuanzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi. Mnamo 1955, mjini St. Louis, Wilson aliukabidhi rasmi uongozi wa AA kwa wajumbe wa wanachama. Alikuwa pia ameikataa shahada ya heshima kutoka Chuo Kikuu cha Yale.

Sigara ndiyo iliyomuua. Mapafu yalipoharibika alitegemea hewa ya mitungi. Kumbukumbu za wauguzi wake, zilizosomwa na waandishi miaka mingi baadaye, zinaonyesha kwamba katika majuma yake ya mwisho aliomba wiski zaidi ya mara moja. Hakupewa. Miaka 36 haikuwa imemaliza kiu. Ilikuwa imempa watu wa kumzuilia. Alifariki mjini Miami Januari 24, 1971, siku ya maadhimisho ya miaka 53 ya ndoa yake. Ni hapo ambapo magazeti yalichapisha jina lake kamili kama mwanzilishi. Lois aliishi hadi 1988.

Leo AA ina wanachama wanaokaribia milioni mbili katika nchi zipatazo 180, Kenya ikiwa miongoni mwazo, na kitabu kile kilichododa mwaka wa 1939 kimeuzwa zaidi ya nakala milioni 30. Wapo wasiofaidika na njia hiyo. Hata hivyo mwaka wa 2020 watafiti wa shirika la Cochrane, baada ya kuchanganua tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, walibaini kwamba katika kuacha pombe kabisa njia hiyo hufanya kazi sawa na tiba nyinginezo za kitaalamu, na mara nyingi huzishinda.

Katika nchi ambayo zaidi ya watu 100 waliangamia Nairobi Novemba 2000 kwa kunywa pombe yenye sumu, na ambako suluhu hutafutwa aghalabu kwa misako na marufuku, maisha ya Wilson yana la kufunza. Polisi anaweza kuumwaga mtungi. Daktari anaweza kuisafisha damu. Lakini kazi ya kukaa na mlevi saa anayotaka kunywa, na kumpa naye mtu wa kumtunza kesho yake, huhitaji jirani, na jirani bora ni yule aliyewahi kulala mtaroni mwenyewe.

Wilson alizikwa East Dorset, kijiji alikozaliwa. Jiwe la kaburi lake halitaji AA hata kidogo. Wageni huweka juu yake medali ndogo wanazopewa wanachama kwa kila muda wanaotimiza bila kunywa: mwezi mmoja, mwaka mmoja, miaka kumi.